Siem Reap nje ya magofu: mwongozo kamili wa kuufaidi mji wenyewe

Wengi wanaoenda Siem Reap, Kambodia, wanaenda na picha moja kichwani, ile minara ya Angkor Wat jua linachomoza nyuma yake, basi wanakaa siku mbili, wanakimbizwa kwenye mahekalu mpaka miguu inawaka moto, halafu huyoo wanarudi eapoti na simu imejaa picha za mawe. Mawe yenyewe ni ya kuyaona, hapo sibishani na mtu. Ila mji uko kilomita 6 hivi tu kusini ya Angkor Wat na una mambo yake: soko la alfajiri, ziwa linalovimba na kunywea kila mwaka, hariri inayoanzia kwenye kiwavi mpaka kitambaa, sarakasi za vijana, na kikubwa zaidi kwetu sisi, panya waliozaliwa Morogoro ambao wananusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Ushauri wangu mzima unasimama kwenye jambo moja, upe mji siku zake kamili, usiupe masaa yaliyobaki baada ya mahekalu. Chini nimepanga hatua kwa hatua, chukua zinazokufaa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, halafu hesabu siku

Kiangazi ni kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua ni Mei mpaka Oktoba. Desemba na Januari hewa ni nzuri ila watu wamejaa na bei za vyumba zinapanda, Aprili ni joto la kukufanya ujute, japo mwezi huohuo katikati ndiyo mwaka mpya wa Wakhmer, wenyeji wa Kambodia, na mji unachangamka kweli (huku maduka mengi yanafungwa, wenye nayo wamekwenda vijijini kwao). Mimi nikiulizwa nasema Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kwa sababu mvua imekatika, mashamba ya mpunga bado yana rangi, na ziwa bado limejaa. Usiiogope sana mvua lakini, mara nyingi inapiga mchana au jioni kwa saa moja mbili halafu inaacha, na bei zinakuwa chee.

Siku: ukiweza weka 5. Mbili za Angkor, tatu za mji na vijiji. Ukiwa na 4, punguza Angkor iwe siku moja, usipunguze mji. Tiketi ya Angkor kwa mgeni ni dola 37 siku moja, 62 siku tatu, 72 wiki nzima, na ya siku tatu huna haja ya kuitumia mfululizo, unaweza kuruka siku, kwa hiyo changanya: leo mahekalu, kesho soko na panya, keshokutwa mahekalu tena. Mwili unapumzika na macho yanapumzika, maana hekalu la sita kwa siku moja huwa halionekani tena hata likiwa zuri vipi.

Hatua ya 2: Karatasi na safari ya kufika

Kwa sisi wa Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja, unapita Addis, Doha, Dubai au Nairobi mpaka Bangkok au mji mwingine wa huko, halafu unaunganisha. Angalia masharti ya viza ya paspoti yako kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Kambodia, ile inayoishia na gov.kh, kwa sababu kuna tovuti kibao zimejipamba kama ya serikali na zinakukata hela mara mbili. Kuna pia fomu ya kuingilia ya mtandaoni kwa wanaofika na ndege, inajazwa siku chache kabla ya kufika na ni bure, akikuomba mtu hela ya fomu hiyo achana naye. Kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau nyumbani, ukitokea nchi zenye ugonjwa huo wanaweza kukudai, na hata ukipita Bangkok nako wanakidai.

Uwanja wa ndege ni mpya, umefunguliwa Oktoba 2023, na uko mbali, zaidi ya kilomita 40 mashariki ya mji, tofauti na ule wa zamani uliokuwa jirani. Maandishi ya zamani yanayokwambia bajaji dakika 20 yamepitwa na wakati. Kuna basi la kwenda mjini kama dola 8, teksi ni kama dola 35, hoteli nyingi zinatuma gari ukiwaandikia mapema. Wapo pia wanaoshukia Phnom Penh na kuja kwa basi kama saa 6. Njia ya nchi kavu kutoka Thailand kupitia Poipet ndiyo walikuwa wanapita wasafiri wa bajeti ndogo, ila mpaka ulifungwa mwaka 2025 kwa sababu ya mgogoro wa nchi hizo mbili, kwa hiyo usipange safari juu yake bila kuhakikisha kwanza hali ikoje wiki hiyo.

Hatua ya 3: Lala upande wa pili wa mto

Katikati ya mji kuna Pub Street, mtaa wa baa, taa na muziki mpaka usiku wa manane. Pita ukauone jioni moja, inatosha, lakini usilale pale. Vuka mto nenda upande wa mashariki, mitaa ya Wat Bo, pametulia, kuna gesti za familia zenye kibustani na feni, na bado unatembea kwa mguu dakika 10 mpaka 15 kufika soko la zamani, Psar Chas. Barabara za mji zilijengwa upya wakati wa korona, 38 kwa mpigo, na kando ya mto sasa kuna njia nzuri ya miguu, ukiamka mapema unakuta wazee wanafanya mazoezi, akina mama wanacheza dansi kwa mstari na spika ndogo chini, wanafunzi na baiskeli. Matembezi ya bure kabisa hayo, na kwangu ni mazuri kuliko vitu vingi vya kulipia.

Hatua ya 4: Hela, laini na usafiri

Wanatumia riel na dola pamoja. Dola 1 ni kama riel 4,000 na kidogo, chenji ndogo unarudishiwa kwa riel, usishangae ukalipa kwa dola ukarudishiwa mabunda ya noti za kwao. Dola zako ziwe safi, noti iliyochanika hata pembeni kidogo wanaikataa palepale, na ukipewa wewe iliyochanika nawe irudishe bila aibu. Beba noti ndogo ndogo, ya 100 sokoni haina msaada wowote. Wenyeji wenyewe siku hizi wanaskani tu msimbo kwenye simu, hata mama anayeuza maembe ana kikaratasi chake, ila mgeni na keshi yake haikataliwi.

Laini za simu zipo Smart, Cellcard na Metfone, bando ni rahisi sana, nenda dukani na paspoti wanakusajili hapohapo. Hiyo Metfone, wadau wa Halotel Tanzania na Lumitel Burundi, ni ndugu zenu, wote mama yao ni Viettel ya Vietnam.

Usafiri kuna aina mbili. Kuna bajaji kama zetu, unaita kwa simu kupitia PassApp au Grab, bei unaiona kabla, safari za mjini dola 1 mpaka 2. Na kuna remork, kibehewa kizuri cha viti vinavyotazamana kinachovutwa na pikipiki, hiki ndicho cha kukodi siku nzima kwenda vijijini. Ukimpata dereva mtulivu siku ya kwanza, chukua namba yake, mkubaliane njia yote na bei yote kabla hujapanda, na ukienda naye siku tatu mfululizo bei inashuka na utamu unaongezeka, kwa sababu ataanza kukupeleka anakokula yeye. Muulize hivyohivyo, "wewe asubuhi unakula wapi?" Baiskeli pia inafaa sana, mji ni tambarare kabisa.

Hatua ya 5: Asubuhi ya kwanza iwe ya soko

Psar Leu, soko kubwa kwenye barabara kuu namba 6, fika saa 12 asubuhi, usingoje jua. Hapa ndipo mji unanunua chakula chake, watalii ni wachache. Samaki wa ziwani wako kwenye mabeseni bado wanarusha mikia, kuna vibanda vya prahok, samaki waliosagwa na kuchachishwa kwa chumvi, ambao harufu yake inakufikia kabla hujaviona, ila ndio roho ya mapishi ya Wakhmer na ukila mchuzi wowote mtamu kule ujue imo. Mchaichai umefungwa mafungu, maua ya mgomba, manjano mbichi, majani ya ndimu ya kaffir, mboga za majini ambazo hata mimi majina siyajui. Mtu wa Pwani anayejua tui na mchaichai atajiona yuko nyumbani, tofauti inakuja kwenye mkono wa kuchanganya.

Kifungua kinywa unakula hapohapo. Cha kawaida kabisa ni bai sach chrouk, wali na nyama ya nguruwe iliyochomwa taratibu juu ya mkaa na achari pembeni, au kuy teav, supu ya tambi za mchele. Kwa asiyekula nguruwe jifunze maneno haya kabla hujakaa: sach chrouk ni nguruwe, sach ko ni ng'ombe, sach moan ni kuku, trei ni samaki. Waislamu msihofu, Kambodia kuna Wacham, jamii ya Waislamu wa tangu zamani, na hapa mjini eneo la Steung Thmei kuna msikiti wao na migahawa ya halali jirani yake, Ijumaa unaswali na wenyeji halafu mnakula pamoja.

Ukitoka soko pitia Wat Bo, hekalu la Kibudha linaloishi, siyo gofu, watawa wamo wanasoma na kufua kanzu zao za rangi ya chungwa. Ndani ya jengo kuu kuta zimechorwa hadithi ya Reamker, Ramayana ya Kikhmer, michoro ya tangu karne ya 19. Mara nyingi mlango umefungwa, muombe mtawa kwa adabu, weka chochote kwenye sanduku la sadaka. Mchana jua likiwa kali rudi ulale, wenyeji nao wanapumzika, usijifanye shujaa.

Jioni yake tembea mpaka bustani ya kifalme, juu ya miti mikubwa wananing'inia popo wakubwa mamia kwa mamia wanapiga kelele, na pembeni yake kuna kibanda cha ibada cha Preah Ang Chek na Preah Ang Chorm, sanamu mbili za Budha ambazo wenyeji wanaziamini sana. Wanakuja na maua ya yungiyungi ambayo hayajafunuka na ubani, maharusi wanakuja, wafanyabiashara wanakuja, na ngoma za asili zinapigwa pembeni. Kaa kando utazame, hakuna atakayekufukuza.

Hatua ya 6: Panya wetu

Hapa naomba mtulie. Kambodia ilipita kwenye vita vya miongo, na ndani yake ile miaka ya utawala wa kikomunisti wa Khmer Rouge, 1975 mpaka 1979, ambayo iliua watu wanaokadiriwa milioni 1.7. Vita viliacha mamilioni ya mabomu ardhini. Tangu 1979 mabomu hayo yameua karibu watu 20,000 na kujeruhi zaidi ya 45,000, wengi ni wakulima na watoto waliokuwa wanatafuta kuni au wanachunga tu.

Sasa shirika la APOPO, makao yake yako Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, pale Morogoro, linafuga na kufundisha panya buku kunusa TNT, baruti iliyo ndani ya mabomu hayo, halafu linawapeleka nchi zenye shida, Kambodia ikiwemo. Siem Reap wana kituo cha wageni, kiko njia ya kwenda Angkor, na kiingilio kinaenda kwenye kazi yenyewe. Mwambie dereva "APOPO" tu, wanakijua.

Unachokiona ni hiki: panya amevalishwa mkanda mdogo kifuani, mkanda umeunganishwa na kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili waliosimama pande mbili za kipande cha ardhi. Panya anatembea kwa kufuata kamba, pua chini, masharubu yanacheza, akifika mwisho watu wanasogea hatua moja naye anarudi mstari mwingine. Ghafla anasimama, anarudi nyuma kidogo, ananusa tena, halafu anaanza kukwangua udongo kwa mikono ya mbele. Mwalimu anabonyeza kidude kinalia "tik", panya anakimbia kwenda kupewa ndizi. Basi. Pale alipokwangua kuna kifuko kidogo cha TNT kilichofukiwa kwa ajili ya maonyesho. Yeye ni mwepesi, kilo moja na kidogo, hawezi kulipua bomu akilikanyaga, na kwa vile ananusa baruti tu, misumari na vizibo vya soda havimpotezei muda, wakati binadamu mwenye kifaa cha kutafuta chuma lazima asimame kwenye kila kipande cha bati. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi panya analimaliza kwa nusu saa, mtu na kifaa anaweza kuchukua hadi siku nne.

Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alifanya kazi huku tangu 2016, na Septemba 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu ya ushujaa wa wanyama, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu 2021 akiwa amegundua mabomu zaidi ya 100, akafa Januari 2022. Baada yake kuna Ronin, naye wa Tanzania, ambaye mpaka mwanzoni mwa 2025 alishanusa mabomu ya kutegwa 109 na silaha nyingine 15 ambazo hazijalipuka, akaingia kwenye rekodi za dunia za Guinness. Mtanzania ukisema umetoka Tanzania pale mlangoni utaona nyuso zinavyobadilika, watakuuliza Morogoro ni mbali na kwenu au karibu. Ukiruhusiwa kumbeba panya mbebe, ana joto na manyoya laini, na hatulii sekunde mbili.

Hatua ya 7: Barabara ya Preah Dak, nusu siku au siku nzima

Kodi remork kuelekea kaskazini, njia ya hekalu la Banteay Srei. Mwambie dereva mapema kama una tiketi ya Angkor siku hiyo au huna, ili achague barabara isiyopita kwenye vizuizi vya hifadhi.

Preah Dak ni kijiji cha tambi. Nom banh chok ni tambi laini za mchele, zinaliwa na mchuzi wa samaki wa rangi ya kijani kibichi uliopondwa na mchaichai na manjano na kulainishwa na tui la nazi, juu unajichanganyia mwenyewe tango, maua ya mgomba na majani mabichi. Zinaliwa asubuhi, ukifika mchana utakuta masufuria yanaoshwa, kwa hiyo kula hapa badala ya hotelini. Bakuli ni dola moja na kitu. Kando ya barabara hiyohiyo kuna akina mama wanapika sukari ya mvumo. Wagema wanapanda asubuhi na jioni kwa ngazi za mianzi, wanashusha utomvu, unamiminwa kwenye karai kubwa juu ya moto wa kuni na kukorogwa saa kadhaa mpaka uwe mzito wa kahawia, halafu unamwagwa kwenye vipete vya majani ugande. Watakupa uonje ikiwa ya moto. Msimu wake ni kiangazi. Nunua hapa, siyo kwenye maduka ya Pub Street, hela inabaki mkononi mwa aliyekoroga.

Ukiendelea mbele kuna makumbusho ya mabomu yaliyoanzishwa na Aki Ra, aliyechukuliwa akiwa mtoto akafanywa askari na kuyatega mabomu yeye mwenyewe, na alipokuwa mtu mzima akaanza kuyategua, mengine kwa kisu na kijiti tu. Kiingilio ni dola 5 hivi, pita taratibu, usome maandishi. Ukipanga panya asubuhi na hapa mchana, vitu viwili hivyo vinaelezana vyenyewe.

Hatua ya 8: Ziwa, na kijiji kipi cha kwenda

Tonle Sap ndilo ziwa kubwa kuliko yote Kusini Mashariki mwa Asia na lina tabia ya ajabu. Mto wake unamwaga maji kwenye Mekong, ila ikifika masika Mekong inajaa mpaka inausukuma ule mto urudi nyuma, maji yanaingia ziwani badala ya kutoka. Ziwa linatoka kilomita za mraba 2,500 hivi mpaka zaidi ya 10,000, na kina kutoka mita moja hivi hadi tisa. Samaki wanaingia kuzaliana ndani ya msitu uliozama, na mwezi Novemba mto ukishageuka tena watu wanafanya sherehe ya maji, mashindano ya mitumbwi mirefu ya kupiga makasia, hata hapa kwenye mto wa Siem Reap. Ukiangukia wiki hiyo, kaa.

Vijiji: Chong Kneas ndicho cha karibu kabisa na mji, na ndicho ninachokwambia ukikwepe, watu wamelalamika miaka mingi kuhusu kusukumwa kununua magunia ya mchele "ya shule" kwa bei ya kuruka. Kampong Phluk ni bora, karibu saa moja kwa remork, nyumba ziko juu ya nguzo ndefu kama ghorofa mbili, boti ni kama dola 20 kwa mtu, na maji yakiwa mengi akina mama wa kijiji wanakuzungusha kwa mtumbwi ndani ya msitu kwa dola chache za ziada. Kampong Khleang ni mbali zaidi, kama kilomita 50, kikubwa zaidi na kitulivu, watalii wachache, mimi ndicho ningekuchagulia ukiwa na siku nzima.

Wakati: Septemba mpaka Januari maji yamejaa, boti inapita chini ya sakafu za watu. Machi mpaka Mei maji yamekauka, nguzo zote ziko wazi, unatembea barabarani kwenye vumbi ukitazama nyumba juu ya kichwa chako, nako kuna uzuri wake ila usitegemee picha za boti. Mpenda ndege aende Prek Toal kati ya Desemba na Machi, mwari na korongo wanakusanyika kwa maelfu, safari ni ya gharama na inaanza alfajiri, weka nafasi mapema.

Pale kijijini hao ni watu na nyumba zao. Unapopiga picha ya mtu anayeoga au anayekula barazani kwake jiulize kama ungependa iwe wewe. Salamia, tabasamu, nunua kahawa.

Hatua ya 9: Mikono ya mafundi

Artisans Angkor wana karakana mjini, kuingia bure, unaona vijana wanachonga mawe na mbao na kupaka rangi, na wana shamba la hariri eneo la Puok, kama kilomita 16 magharibi. Shamba ndilo la kwenda. Unaanza na majani ya mforosadi, viwavi wanatafuna mpaka unasikia mlio, vifuko vya njano vinachemshwa na uzi unavutwa, kifuko kimoja kinatoa mamia ya mita. Halafu kuna akina dada wanaofunga uzi mafundo mafundo kabla ya kuupaka rangi, ili picha ijitokeze yenyewe wakati wa kufuma, kazi ya wiki nyingi kwa kitambaa kimoja. Ukishaona hapo, ile skafu ya "hariri" ya dola 3 sokoni utajua mwenyewe ni nini.

Ukitaka kushika kitu kwa mkono wako kuna madarasa ya kufinyanga vyungu na ya kupika. La kupika chagua linaloanzia sokoni, mtajifunza amok, samaki katika tui na viungo anayepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba.

Hatua ya 10: Phnom Kulen, ukiwa na siku ya ziada

Mlima wenye maporomoko ya maji ya kuogelea, wenyeji wanakwenda wikiendi na masufuria yao. Kiingilio ni dola 20, tofauti na tiketi ya Angkor. Barabara ni nyembamba, asubuhi ni ya kupanda, kuanzia saa 6 mchana ni ya kushuka, kwa hiyo uwe umepanda kabla ya saa 5. Ukiona mbali, nenda West Baray badala yake, bwawa lililojengwa na wafalme karne ya 11, urefu kama kilomita 8, wenyeji wanalala kwenye bembea kando ya maji na kula kuku wa kuchoma.

Hatua ya 11: Jioni

Usiku mmoja uwe wa Phare, sarakasi, inaanza saa 2 usiku, tiketi kuanzia kama dola 18. Shule yake iko Battambang, ilianzishwa 1994 na vijana waliorudi kutoka kambi ya wakimbizi mpakani mwa Thailand, waliokuwa wamefundishwa kuchora na mwalimu wa Kifaransa, na hema la Siem Reap lipo tangu 2013. Hakuna wanyama, ni vijana tu wanaruka, wanasimulia historia yao kwa miili, na bendi inapiga palepale.

Usiku mwingine nenda Road 60. Jioni barabara inageuka soko, vijana na familia wanakodi mkeka, wanakaa chini, vinakuja samaki wa kuchoma na chumvi, mishikaki, embe mbichi na pilipili, maji ya miwa. Kuna michezo ya kurusha mishale kwenye puto kwa watoto. Wewe nawe kodi mkeka, vua viatu, agiza kwa kunyoosha kidole.

Hatua ya 12: Adabu, na vitu vya kukataa

Hekaluni mabega na magoti yafunikwe, viatu nje, usimguse mtu kichwani hata mtoto, ukikaa usielekeze nyayo kwenye sanamu, na mwanamke asimguse mtawa. Salamu ni viganja viwili pamoja kifuani na kichwa kuinama kidogo, asante ni "arkun".

Kataa ziara za vituo vya yatima. Naomba sana hapa. Watoto wengi kwenye vituo vya Kambodia wana mzazi hai, wageni na dola zao ndio wamekuwa sababu ya watoto kutolewa nyumbani. Pia mama mwenye mtoto anayekuomba umnunulie kopo la maziwa, kopo mara nyingi linarudi dukani na hela inagawanywa. Moyo wa kutoa ukiwepo, peleka kwenye hospitali za watoto: Jayavarman VII, ya mtandao wa Kantha Bopha ulioongozwa miaka mingi na daktari wa Uswisi Beat Richner, aliyefariki 2018, inatibu watoto bure. Au kula kwenye mgahawa wa mafunzo, mfano Sala Bai, shule ya hoteli iliyoanza 2002 inayofundisha vijana kutoka familia maskini, chakula kizuri na bili yako inasomesha mtu.

Hatua ya 13: Siku ya kuondoka

Nunua pilipili manga ya Kampot, sukari ya mvumo iliyofungwa vizuri, na krama, ile skafu ya mirabamiraba ambayo utakuwa umeshaiona kwa kila mkulima. Eapoti ni mbali, ndege ya saa 4 asubuhi toka mjini saa 12 kamili, na mpange na dereva wako usiku uliotangulia.